Mhadhara wa Uwakili, Kama Ulivyotolewa kwa Wananchi wa Itigi

Ndugu wananchi wa Itigi, wazee kwa vijana, nanyi mnaosubiri treni mkidhani imechelewa, kumbe Mungu amewacheleweshea ili mnisikilize! Nimeombwa nizungumzie wajibu wa mtu aliyepewa hati ya uwakili. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, baada ya kuona pengo kubwa la kitaalamu katika wilaya hii.

Kabla ya mada, kuhusu hili koti. Niliingia nalo Mahakama ya Mwanzo, hakimu akasimama. Ni kweli alikuwa anakwenda kula, lakini alisimama. Wenye wivu wananiita wakili kishoka. Sawa! Mji uliozungukwa na kichaka kinachosifika kwa wanasayansi wa dunia nzima, bila shoka mngepita wapi?

Sasa sheria. Msingi wetu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mwingereza aliitungia India mwaka 1872, Tanganyika ikatunga yake kwa kuiiga mwaka 1961, nami nikaipokea sokoni Manyoni, mtumba, bei ya maelewano. Kitabu ndicho hiki. Sehemu ya uwakala haimo. Muuzaji alishaifungia vitumbua, na hapa mnaona mafuta yalivyovujia hadi kwenye dhamana. Haidhuru. Kurasa ni za wanafunzi.

Mfano hai ni mimi. Kaka yangu, akiwa Dar es Salaam, alinipa hati iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo na kugongwa muhuri, nimwangalizie kiwanja chake cha hapa karibu na stesheni na, ikibidi, nikiuze. Ikabidi. Wajibu wa wakala ni kumtafutia mwenye mali mnunuzi mwaminifu. Nilihangaika usiku kucha, nikamkuta jikoni: mke wangu. Shilingi milioni 3, taslimu, kutoka mfuko wangu wa kushoto kwenda wa kulia. Reli ya kisasa ilipochangamsha bei, mama watoto akakiuza kwa milioni 9. Huo ndio weledi, andikeni.

Hesabu? Zipo. Zimo humu kichwani, salama kuliko benki, maana hata mimi mwenyewe siwezi kuzitoa.

Naona binti wa kaka amenyoosha mkono. Anasoma sheria Dodoma, yaani bado anajifunza. Sema, mwanangu.

“Shikamoo, baba mdogo.”

Marahaba. Oneni malezi!

“Sheria hiyohiyo inasema wakala akiifanya kazi ya mwenye mali kwa manufaa yake mwenyewe, mwenye mali asijue, mwenye mali ana haki ya kudai faida yote. Na akidaiwa hesabu, lazima azitoe.”

Umesoma vizuri, ila umesoma nusu. Anayedai ni mwenye mali! Je, kaka amenidai? Hata senti! Tulimzika tarehe 14 Machi, nikamsomea wasifu, mrefu kuliko wa mkuu wa wilaya, watu wakalia, wengine kwa njaa. Hati ya mauzo ni ya tarehe 2 Aprili. Angekuwa na malalamiko, si angeyatoa?

“Baba mdogo, mwenye mali akifa, na uwakili umekufa. Kinachofuata ni mirathi: mahakama inateua msimamizi. Wakala hujitetea tu iwapo hakuwa na habari za kifo.”

Ahaa! Mmesikia? Utetezi upo, na ameutaja msomi, si mimi! Basi tuumalize hapahapa, kitaalamu. Yeyote anayeweza kuthibitisha kwamba nilikuwa na habari za kifo cha kaka yangu, asimame.

Taratibu, jamani. Nimesema mwenye ushahidi, sikusema wote. Mama, kaa chini, una mtoto mgongoni. Na wewe mchungaji unasimama kwa lipi? Siku ile nasoma wasifu ulikuwa umesinzia, nilikuona.