Fundi, Umezima Harusi!

"Fundi, mwanangu amekukosea nini?"

Hilo swali la mama mzaa bibi harusi niliulizwa Jumamosi, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka. Alisimama mlangoni pa karakana, kitenge kiunoni, mikono juu ya kitenge. Nyuma yake bibi harusi mwenyewe: nusu ya nywele zimelala, nusu zimesimama. Nikaona niokoe jahazi kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeme uko wapi?"

Nilikuwa nimewasha randa, basi. Nilibonyeza swichi, mota ikaguna, mkanda ukatetemeka, kisha kwenye boksi la nje pakalia "ta!" Fremu zote za jengo letu hapa Ganako, Karatu, zikazimika: saluni, duka la juisi, kibanda umiza, kijana wa kuchaji simu, na kinyozi aliyemwacha mteja na ndevu za shavu moja. Breka ya karakana yangu? Iko juu vilevile, haina habari. Iliyoshuka ni kubwa ya jengo zima, na boksi lake lina kufuli, na mwenye nyumba kaenda msibani Mbulu na ufunguo mfukoni.

Bibi harusi akamaliziwa kwa kitana cha chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa la mama ntilie, pale nje, kando ya barabara ya kwenda kreta. Gari moja la watalii likapunguza mwendo, simu zikachomoza madirishani. Watu wametoka Ulaya kuja kumwona faru, wakaanza na mimi nikifokewa.

Sasa niwaeleze, maana siku ile hakuna aliyenipa nafasi. Mota ikizunguka huzalisha ndani yake umeme wa kuupinga ule unaoingia, na upinzani huo ndio unaoitia adabu. Ikiwa imesimama haina wa kuipinga, kwa hiyo wakati wa kuanza huvuta mara 5 hadi 8 ya kiwango chake. Randa yangu ina mota ya hospawa 3. Ikiwa kazini, mbao ya mgrevilea inapita, inakula kama ampea 15. Ikianza tu inataka 90, kwa muda wa kukohoa.

Na ndani ya breka mna vitu viwili vinavyosubiri. Kuna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, kila moja ikitanuka kivyake. Umeme ukizidi kwa muda kinapata moto, kinapinda na kuifyatua breka. Hicho kina subira. Halafu kuna koili, ambayo umeme ukija kwa kishindo inageuka sumaku na kufyatua papo hapo. Mjerumani Hugo Stotz wa Mannheim ndiye aliyeviweka pamoja kwenye breka ndogo ya ukutani, mwaka 1924, na mimi namvulia kofia. Subira ya koili imeandikwa usoni pa breka, herufi moja kabla ya namba. B inafyatuka umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. D ndiyo ya mota nzito.

Breka yangu ni C32: koili yake haiwezi kushtuka kabla ya ampea 160. Ile kubwa, inayolisha fremu zote, ni B25! Inaanza kushtuka kwenye 75. Kwa hesabu hiyo, kila nikiamsha randa mbele yangu kuna saluni inayosubiri kuzimika.

Jumatatu ikawa zamu ya kinyozi tena. Jumatano nikawasha msumeno wa meza, kibanda umiza kikazimika mpira ukiwa kwenye penalti, nilitokea dirishani.

Dawa inajulikana. Fezi tatu na steta ya staa-delta, mota inaanza kwa theluthi moja ya umeme ambao ingevuta ikiwashwa moja kwa moja. Lakini mwombaji ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema jengo halina shida, shida ni mashine zangu. Hizo hizo mashine ndizo zinazofanya nichangishwe LUKU mara mbili ya saluni. Nchi imejenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, nguzo zikasimamishwa mpaka Karatu, umeme ukasafiri safari yote hiyo salama, uje ukwame kwenye breka ya bei ya kuku mmoja! Na anayetukanwa ni seremala.

Wewe unayetafuta fremu ya karakana, acha kuanza na kodi. Omba ufunguliwe boksi, soma herufi iliyo kabla ya namba, kisha uliza ufunguo anakaa nao nani. Akisita kukujibu, kapange kwingine.