Konde Boy kwenye memori kadi

Harmonize, yaani Konde Boy, mtoto wa Chitoholi mkoani Mtwara, alipotoa albamu ya Afro East mwaka 2020, wajuzi wa Dar es Salaam waliichambua mpaka mifupa: mpangilio wa nyimbo, Burna Boy kafanya nini, Yemi Alade kafunika au kafunikwa. Huku Lukuledi, mkoani humo humo, mpangilio ni wa kijana wa kibanda cha kujaza memori kadi. Huzichanganya nyimbo hizo na singeli, akatupia kaswida mbili, kisha anakukabidhi zote kwa jina moja: "Za Konde Boy hizo." Ukimuuliza ipi kali, naye anakuuliza: "Mjomba, hela ya korosho imeshaingia?" Ikiingia, zote kali. Mzigo ukiwa bado ghalani unasubiri mnada, hata Burna Boy kaimba chini ya kiwango.