Muulize Bi Baraza: Kodi Imepanda, Nishukie Wapi?

Wiki hii barua zote zinalia kilio kimoja. Hata yule msomaji wetu wa Kikwajuni, ambaye kila mwezi huniuliza mumewe kaingiwa na nini, safari hii anauliza mwenye nyumba wake kaingiwa na nini. Jawabu ni moja kwa wote wawili: wameona watalii. Tuanze.

Bi Baraza, shikamoo. Nimekodi vyumba viwili Mkunazini, ghorofa ya pili, kwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Julai nilitoa ya mwaka mzima. Juzi mwenye nyumba kanikuta ngazini na ndoo ya maji kichwani, akanambia kuanzia mwezi ujao ni laki nne. Nikamwitikia "inshallah" ili anipishe nipite. Ndiyo nimeshakubali? – Mama Ndoo

Marahaba, mwanangu. Hujakubali kitu. "Inshallah" ya ngazini ingekuwa mkataba, mafundi wote wa Unguja wangekuwa kizuizini.

Ulipotoa kodi ya mwaka naye akaipokea, mlikwisha kufunga mapatano. Mpaka mwaka huo uishe bei ni ile ile, isipokuwa kama mliandika kwamba anaweza kupandisha katikati. Mliandika? Naona umenyamaza. Basi kusanya ulichonacho: stakabadhi, ujumbe wa simu wa malipo, na sheha wako, ambaye anajua tangu lini unakaa hapo na pengine anajua na ulichopika jana. Kisha mjibu mwenye nyumba kwa maandishi na kwa adabu, kwamba kodi imelipwa hadi mwisho wa Juni, na mazungumzo ya bei mpya yatakuwa kabla ya hapo. Uweke nakala.

Halafu piga hesabu. Laki na nusu ya ziada kwa mwezi ni milioni moja na laki nane kwa mwaka. Kuhama nako si bure: dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba mpya anataka ya miezi sita mkononi, na kwa kuwa gari haifiki mlangoni pako, kuna hamali na rikwama. Kabati lililoingia kwa kamba dirishani litataka kamba hiyo hiyo kutoka. Lakini na yeye ana hesabu yake: kila mwezi vyumba vikikaa vitupu, kapoteza laki mbili na nusu alizokuwa nazo akizitafuta nne. Hapo katikati ndipo pa kuongelea. Mpe laki tatu mwaka ujao, mwaka wa pili laki tatu na nusu, na paa linalovuja lizibwe kabla ya masika. Yote yaandikwe.

Akitishia kukutolea vyombo nje, usigombane naye uchochoroni. Zanzibar ilirithi kutoka enzi za ukoloni sheria ya kudhibiti kodi, pamoja na bodi ya kusikiliza ugomvi wa wenye nyumba na wapangaji. Nenda huko, na karatasi zako mkononi. Ukienda na machozi peke yake utapewa kiti, utapewa pole, utarudi.

Bi Baraza, mimi kijana wa Kiembesamaki, nafanya kazi hotelini. Mwenye nyumba ananidai kodi kwa dola, nami mshahara wangu ni wa shilingi. Mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye sheria kaisomea kwenye simu, kaniambia nimuoneshe Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ataogopa. Nimuoneshe? – Mpwa Mtiifu

Msalimie mjomba, kisha mwambie ardhi si jambo la Muungano. Sheria yake hiyo ni ya Bara. Haivuki mnara wa Chumbe. Na mkimaliza salamu mkumbushe kwamba Bara waliifuta sheria yao ya kudhibiti kodi mwaka 2005, kwa hiyo anakufunza kuogelea naye kakaa nchi kavu.

Sarafu lakini ni ya Muungano, na hapo una la kusema. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwambie mwenye nyumba hayo kwa upole, wala usimtishe. Ila kaa macho, mwanangu: atakubali shilingi, halafu kila mwezi akuulize dola leo inauzwaje. Mkataba utaje kiasi kwa shilingi, hicho hicho, tangu mwezi wa mwanzo hadi wa mwisho.

Bi Baraza, sisi ni familia nne ndani ya nyumba moja Shangani. Tajiri wetu kapandisha kodi maradufu, na kila mmoja anamwambia kwamba wenziwe wameshakubali. Mafundi wameanza kubomoa ukuta wa chini na kupiga plasta ya saruji. Tunasikia itakuwa nyumba ya wageni. – Wanne wa Shangani

Jambo la kwanza, kaeni kitako pamoja muulizane nani kakubali. Nina hakika hamtampata. Wazee wetu wa Ng'ambo walilijua hili zamani: walikuwa na vibanda vyao lakini ardhi ya watu, na kodi ya ardhi ilipowazidi katika miaka ya 1920 waligoma kulipa kwa pamoja, hadi serikali ya kikoloni ikalazimika kuiwekea kikomo mwaka 1928. Nyinyi sikwambieni mgome. Nakwambieni barua iwe moja, na saini nne.

La pili, Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Kubomoa ukuta humu kunataka kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kaulizeni kama kipo. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiuvisha saruji unafungia unyevu ndani na boriti zinaoza. Beit al-Ajaib liliporomoka upande mmoja Disemba 2020, na lilikuwa jumba la sultani, si kibanda. Kibali hakitashusha kodi yenu, ila kitakupeni muda wa kuzungumza, na dari itabaki juu ya vichwa vyenu.

Bi Baraza, nakaa nyumba ya wakfu tangu enzi za babu. Sasa nasikia kodi itapandishwa. Dhulma gani hii! Na yule niliyempa vyumba viwili vya mbele naye kagoma kunilipa laki tatu. – Mnyonge wa Malindi

Mnyonge, hebu tuelewane. Unalipa kodi ya babu, unapokea kodi ya mjukuu, na katikati umekaa wewe? Aliyeweka wakfu alitaja wanufaika: msikiti, mayatima, au kizazi chake. Jina lako sikulisikia. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikikuita, nenda, ukasikilize na ulipe. Na yule wa vyumba vya mbele asome jawabu nililompa Mama Ndoo.

Hukumu ya Bi Baraza kwa wote: kabla ya kutoa shilingi, pawe na mkataba ulioandikwa unaosema bei, muda, nani atatengeneza nini, na notisi ya muda gani kabla ya kupandisha, sheha ashuhudie, na kila malipo yawe na stakabadhi. Mwenye nyumba anayekataa kuandika leo ndiye atakayepandisha kesho. Huyo mwachie nyumba yake.