Shamba la Mvivu Ndilo Lenye Picha

Wazo lilikuwa la wifi yangu anayeishi Leicester, na kama mawazo yake mengine yote, lilikuwa zuri, lilikuwa la bure, na lilikuwa la kutekelezwa na mtu mwingine. Jirani yake huko Uingereza anapanda hosta. Kwa asiyeijua, hosta ni mmea wa kivulini wenye majani mapana, asili yake China, Japani na Korea, na jina lake limetokana na Nicholas Thomas Host, daktari na mtaalamu wa mimea wa Austria. Wapenzi wake wamezalisha aina maelfu, na kila aina ina jina lake na picha yake. Jirani na wenzake wanakusanya picha hizo pamoja, na wifi, kwa moyo mkunjufu, akaanza kututumia. Tukaona majani ya kijani. Tukaona majani ya kijani yenye ukingo mweupe, majani meupe yenye ukingo wa kijani, na majani mengine ya kijani ambayo, tuliambiwa, si kijani kile cha kwanza.

"Inapikwaje?" akauliza mume wangu.

Haipikwi. Inatazamwa. Kazi kubwa ya mwenye hosta ni kukesha akiwawinda konokono wasiitoboe. Mume wangu akatikisa kichwa kwa huruma, akisema kwamba katika hadithi nzima konokono peke yake ndiye mwenye akili timamu. Baadaye wifi alipotueleza kwamba Wajapani huchuma machipukizi yake na kuyala, wakiyaita urui, heshima ya hosta ilipanda kidogo hapa nyumbani. Lakini kuipanda hatuwezi. Hosta inataka majira ya baridi ilale kabisa, na Kisumu kwa joto lake hata watu hawalali vizuri.

Ndipo amri ikatoka Leicester: nasi tukusanye picha za mboga zetu za kienyeji, aina zote, ukoo mzima uchangie, upande wa mume na upande wangu wa Vihiga. Mimi niliteuliwa kuwa mhifadhi katika kikao ambacho sikuwepo. Sifa iliyonipa cheo ni kwamba simu yangu ilikuwa na nafasi.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa, zikaitwa magugu na chakula cha wasio na uwezo, huku sukuma wiki na kabichi zikikalia kiti cha mbele. Waliozirudishia hadhi ni watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwenyewe amesimulia kwamba tangu utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na baadhi ya samaki, kwa hiyo mboga ndiyo iliyomlea. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya jadi katika orodha ya mifano ya kuigwa duniani, kazi ambayo iliandika mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake ya wenyeji. 850! Sisi tulishindwa kuelewana kuhusu mitatu.

Nilianzia soko la Kibuye siku ya Jumapili, maana siku hiyo Kisumu yote huwa pale. Nilipoinua simu tu, mama mboga akalifunika fungu lake kwa kanga.

"Madam, wewe ni wa kanjo?"

"Hapana, mama. Napiga picha mboga tu."

"Mtu akianza na mboga, kesho anapiga picha kibanda, kesho kutwa tingatinga linakuja."

Tulijadiliana mpaka tukafikia mkataba: picha moja, fungu moja, na fungu linalipiwa kwanza. Habari ilinitangulia. Nilipofika mstari wa pili, kina mama walikuwa wameshapanga mafungu yao upande wenye jua, wananiita kwa sauti, "Piga na hii! Hii haina kivuli!" Nikarudi nyumbani kwa tuktuk nikiwa nimezungukwa na mafungu ya osuga, dek, apoth, boo, ododo na susa, na dereva akanitoza nauli ya mzigo. Wiki nzima tukala kumbukumbu za maktaba.

Michango ya ndugu nayo ikaanza kuingia. Mjomba wa Usenge alituma picha ya samaki ngege mzima aliyekaangwa, mkia umepinda kwa ufasaha, na maelezo chini yake yanasema, "Mboga iko nyuma." Binamu wa Kondele alituma sahani ya ugali. Shangazi alituma kidole gumba chake, safi kabisa, kimepigwa mara nyingi kutoka pembe mbalimbali. Mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujamjua ni wa upande gani alituma picha ya hosta.

Zile chache zilizokuwa na majani kweli zilileta vita. Picha ile ile ilikuja kutoka kwa mashemeji ikiitwa osuga, kutoka kwetu Vihiga ikiitwa lisutsa, na kutoka kwa mpwa anayesoma Nairobi ikiitwa managu. Kila upande ulidai picha yake ndiyo ya kwanza na nyingine zifutwe. Tukamwita mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye kile kitabu kinene cha mimea ya chakula ya Kenya kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1999, kazi ya Patrick Maundu na wenzake. Mwalimu akaamua kwa Kilatini, ili jina lisiwe na mwenyewe. Amani ilidumu mpaka tulipofika kwenye dek. Linnaeus aliiita Cleome gynandra mwaka 1753, kisha wataalamu wakaihamishia jina la Gynandropsis. "Kumbe hata wao hawajaelewana," akasema mama mkwe, akaendelea kuchambua mboga yake.

Dani, nyanya yake mume wangu, hakuwa ameulizwa. Nilimpelekea simu yenye picha nzuri ya osuga, iliyopigwa asubuhi, umande bado juu. Akaivuta karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha akaigeuza kutazama upande wa chini wa jani. Huko akakuta kava la simu lenye ua la waridi.

"Hii si osuga," akasema.

Nikamweleza kwamba jani liko upande mmoja tu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi nusu. Kwake jani lina mgongo, lina vinyweleo, lina harufu, na mwisho linakwenda ulimini. Akakata ncha ya mche uliokuwa kando ya mlango, akaitafuna, akanipa kipande. "Piga picha hiyo," akasema. Uchungu ule ulinikaa kooni mpaka chai ya saa nne.

Kumbe Dani alikuwa amegusa tatizo lenyewe, nasi tukalikanyaga sawasawa tulipofika kwenye mboga iitwayo mitoo. Mitoo ni ya aina mbili. Moja, Crotalaria ochroleuca, ni ya upole mdomoni. Nyingine, Crotalaria brevidens, ni chungu, na wapo wanaoapa kwamba mitoo isiyo chungu ni nyasi tu. Sokoni, katika fungu, vijani vitatu vitatu kila kikonyo, ukipiga picha utafikiri ni mapacha. Mwalimu alituhakikishia kwamba tofauti zipo: ya upole ina ua la manjano iliyofifia na ganda nono, ilhali ile chungu ina ua la manjano kali na ganda jembamba.

Haya basi, tutafute maua. Hapo ndipo ukoo mzima ulipokwama, kwa sababu hakuna mwenye bustani ya maana anayeruhusu mboga yake ichanue. Mboga inachumwa kwa kukata ncha, siku baada ya siku, ndipo itoe matawi na majani zaidi. Ikishachanua majani hupungua, na yaliyobaki huwa magumu. Dek ndiyo kabisa: ukiivunja ua mapema inakushukuru kwa majani, ukiliacha inageuka mbegu tupu. Osuga vilevile. Ile ya majani mapana, Solanum scabrum, hutoa matunda ya zambarau iliyokolea, na ndugu yake Solanum villosum matunda ya rangi ya chungwa, lakini ukiyaona matunda hayo bustanini mwa mtu ujue mwenyewe amesafiri, anaumwa, au ni shemeji yangu.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ana kishamba chini ya vilima vya Kajulu, mahali palipokuwa zamani na boma la ng'ombe. Ardhi ile imekula mbolea miaka mingi, na dek huota pale bila kuulizwa. Shemeji hupanda kwa bidii siku ya mvua ya kwanza, kisha hukaa kivulini akingoja mvua zinazofuata zimalizie. Palizi ameisikia. Mke wake alishaacha kupeleka wageni upande ule wa boma.

Tulipofika pale na simu zetu tulisimama tumeduwaa. Kila kitu kilikuwa kimechanua. Dek imefika kifuani, vijani vitano vimetandazwa kwenye kila kikonyo, juu yake maua meupe yenye nyuzi ndefu za zambarau, na chini ya maua maganda membamba yaliyosimama tayari kupasuka. Ukiigusa, gundi ya vinyweleo vyake inakuachia harufu vidoleni mpaka jioni. Mitoo zote mbili zilikuwa zimesimama bega kwa bega, manjano hii na manjano ile, hata asiyesoma angetenganisha. Osuga zilikuwa na matunda ya zambarau huku na ya chungwa kule. Bustani safi za mama mkwe, za shangazi, za mwalimu mwenyewe, hazikuwa na picha hata moja yenye faida. Mvivu alikuwa na maktaba nzima.

Sifa zilimpanda. Alianza kutupokea langoni, mikono nyuma, akituonyesha njia. "Msikanyage hapo," alisema, akitulinda dhidi ya magugu ambayo yeye mwenyewe hajui majina yake. Mbuzi wa jirani alipoingia na kula nusu ya mitoo chungu, shemeji alilalamika kwamba utafiti umeharibiwa. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua za masika zilipokaribia, wenye bustani safi waligundua jambo lingine. Walikuwa wamekata kila ncha, wamevunja kila ua, wamekula vizuri, na hawakuwa na mbegu. Mama mkwe ndiye wa kwanza kwenda Kajulu na karatasi ya sukari iliyokunjwa mfukoni. Shangazi akafuata. Mwalimu alikwenda usiku, kwa heshima yake. Shemeji anasema alipanga hivyo tangu mwanzo, na mwenye ushahidi wa kumpinga ni mke wake, ambaye sasa ndiye anayeuza hizo mbegu kwa kijiko na haoni sababu ya kuharibu biashara. Ndugu tunapunguziwa: cha kwetu kinajazwa mpaka kinamwagika.

Wifi naye ameandika kutoka Leicester akitaka kijiko kimoja cha osuga, apande kando ya hosta za jirani. Shemeji amemjibu atume kwanza picha ya kijiko, kwa kuwa vijiko vya Uingereza bado hatuna katika mkusanyiko.