Baiskeli Isiyobeba Kitu

Huko Marekani reli ikifa, hawawaachii wezi wa vyuma chakavu wagawane urithi. Wanang'oa mataruma, wanamwaga changarawe laini, wanapigilia vibao, halafu watu wazima wenye kazi na familia wanakuja na baiskeli kupita hapo bila safari yoyote ya maana. Njia ya Katy, katika jimbo la Missouri, ina urefu wa karibu kilomita 386, na sehemu kubwa inafuata mto Missouri, mashamba huku na maji kule. Zamani zilipita treni za kampuni ya Missouri–Kansas–Texas. Siku hizi anapita shemeji yangu.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu, na amekaa Missouri muda wa kutosha kuanza kula ugali kwa uma. Mwaka 2025 alipiga simu kusema anakuja likizo Septemba, nyumbani kwetu Ruanda, wilaya ya Mbozi, na anakuja na baiskeli yake.

"Shem, si huko kwetu reli inapita? Basi tutaendesha pembeni ya reli, tuteremke mpaka mtoni, tupunge upepo."

Nikamjibu kwamba reli ipo, ila bado iko hai. Nadhani mtandao ulikatika kwenye "ila".

Maana TAZARA si reli ya kukaliwa matanga. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Imeugua, hilo hatubishi. Wapo abiria walioisubiri Tunduma mpaka wakazoeana. Lakini mwaka huohuo wa 2025 kampuni ya China, CCECC, ilitia saini mkataba wa kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, kwa hiyo anayengoja igeuzwe njia ya baiskeli aandike wosia kwanza. Reli iliyokufa kweli hapa nchini ni ile ya kusini, ya Mtwara na Nachingwea, waliyoijenga Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikagoma kuota, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Hiyo ndiyo ingemfaa shemeji. Bahati mbaya Nachingwea hatuna ndugu.

Alitua Kiwanja cha Ndege cha Songwe, ambacho mgeni asishangae kukikuta mkoa wa Mbeya: kiwanja kilianza kazi 2012, na mkoa wa Songwe ukazaliwa 2016 bila kukichukua. Boksi la baiskeli lilikuwa limebaki Dar, lije kwa basi. Juu yake shemeji aliandika kwa kalamu nene: "MBOZI, RUANDA."

Sasa jiweke mahali pa karani wa vifurushi. Ni Septemba 2025. Kigali wanaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, tarehe 21 hadi 28, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na redio haizungumzi kingine. Mbele yako kuna boksi lenye picha ya baiskeli, mwenyewe anaongea Kiswahili cha puani, na limeandikwa Ruanda. Karani alifanya hesabu zake, na mimi simlaumu. Boksi lilipakiwa likaenda kaskazini-magharibi mpaka Rusumo, ambako, kwa tulivyosimuliwa baadaye, watu wema walimtafuta mwendesha baiskeli aitwaye Mbozi kwenye orodha za timu zote na hawakumwona. Lilipoturudia, Tadej Pogačar alikuwa ameshashinda na kuondoka zake. Na tushukuru halikwenda Mbinga, kwani huko nako iko Ruanda, na kule wangelifukia chini ya makaa ya mawe.

Baiskeli ilipotolewa kwenye boksi, watoto wa jirani walinyamaza. Tairi nene zenye meno, usukani uliopinda kama pembe za beberu, na rangi ya udongo kana kwamba imeshachafuka kiwandani. Tukaipeleka kwa fundi wetu, chini ya mparachichi, akaikaze. Fundi aliizunguka mara mbili.

"Keria iko wapi?"

"Haina," shemeji akajibu.

"Stendi?"

"Haina."

"Madigadi? Kengele?"

"Hazihitajiki, mzee."

"Na umeinunua shilingi ngapi?"

Shemeji akataja. Fundi akaweka spana chini. "Kwa hela hiyo unapata bodaboda mbili na chenji inabaki."

"Bei ni kwa sababu ni nyepesi, mzee."

"Ingeachaje kuwa nyepesi, na wameondoa kila kitu?"

Asubuhi yake tulitoka. Mimi nilikuwa na Phoenix yangu, ambayo keria yake inalaza gunia bila kunung'unika. Shemeji alivaa kaptura ya kubana yenye godoro matakoni, na mama mkwe, aliyekuwa anaanika kahawa, aligeukia ukuta kwa heshima.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba reli hai haiendesheki. Kokoto za reli huchongwa makusudi ziwe na ncha, zikamatane, zishike mataruma yasihame treni inapopita. Za mviringo zingeteleza. Ncha hizohizo ndizo zilizomngoja shemeji. Alipanda tuta kwa kishindo ili apige picha, tukasikia mlio wa nyoka, na tairi la nyuma likaanza kutapika kitu cheupe.

Tukarudi kwa fundi tukizikokota. Akabandua tairi, akaingiza mkono, akaupitisha kote ndani ukatoka na maziwa.

"Kijana," akasema kwa upole, "aliyekuuzia hili tairi amekuibia tyubu."

Shemeji akaeleza kwamba tairi za siku hizi hazina tyubu, na kwamba ule uji ni dawa inayoziba tundu yenyewe. Fundi akatazama tundu. Tundu, pana la kupitisha kidole, likamtazama fundi. Kisha akachukua tyubu ya Phoenix ya inchi 28. Valvu yake ikagoma kupita kwenye rimu, maana wazungu wametoboa katundu kembamba, fundi akachukua tupa akaanza kukapanua. Shemeji alikwenda kusimama nyuma ya mparachichi mpaka kelele zilipoisha.

Safari ya pili tulifuata kinjia cha chini ya tuta, kile wanachopita watu. Na hapa lazima niseme ukweli: shemeji alikuwa sahihi. Treni haipendi milima, kwa hiyo waliopima reli waliizungusha kwa adabu kwenye kila kilima, na kinjia kinafaidi adabu hiyohiyo. Unakwenda bila kuhema, mibuni upande huu, mahindi yaliyovunwa upande ule, vumbi jekundu nyuma yako. Kiberenge kikatupita na mafundi watano juu yake, wakatupungia, mmoja akaionyeshea kidole ile kaptura, wote wakacheka mpaka wakapotelea kwenye kona.

Tatizo halikuwa njia. Tatizo lilikuwa keria. Mbozi baiskeli hubeba kahawa, mahindi, mkaa, kuku, mgonjwa, au mke. Mtu mzima anayekimbiza baiskeli tupu siku ya kazi ana jambo, na jambo hilo linajulikana. Bibi mmoja aliyebeba kuni alituona kwa mbali, akatua mzigo, akajifunga khanga vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Poleni. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, bibi, tunatembea tu," shemeji akasema.

Bibi akatingisha kichwa kwa huruma. Alijua watu wa msiba mzito huwa hawataki kuutamka. Akaingia kwake, akatoka na mfuko wa mahindi, kama sado mbili hivi, akamkabidhi shemeji kwa mikono miwili. Rambirambi. Mimi nilitaka kueleza, lakini kila nilipofungua mdomo bibi alizidi kunipa pole. Shemeji, kwa kukosa keria, aliufunga mfuko kwenye zile pembe.

Hatukufika mbali. Mgambo wa kijiji cha pili alijitokeza kwenye mibuni akiwa na fimbo. Alikuwa na haki ya kuwa macho, maana vyuma vya kushikia reli vina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shemeji alikuwa na kimkoba cha spana chini ya kiti.

"Mmebeba nini?"

"Mahindi ya rambirambi," shemeji akajibu.

"Msiba uko kwa nani?"

"Hakuna msiba."

Nilifumba macho. Mgambo alirudia swali polepole, akapata jibu lilelile, kisha akatuongoza kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alisikiliza yote: Missouri, mto, reli iliyokufa, watu wanaoendesha baiskeli kwa ajili ya kuendesha. Akauliza swali moja tu la kitaalamu, kama huko Marekani wanalipwa. Alipoambiwa kwamba wanalipa wao, alifunga daftari akatuachia. Watu wa namna hiyo, alimwambia mgambo, hawana uwezo wa kuiba reli.

Yakabaki mahindi. Tukamrudishia bibi, akayakataa kwa kelele. Rambirambi hairudishwi mlangoni kwa aliyeitoa. Unamrudishia ili afiwe yeye? Tulisimama pale njiani na mfuko wetu, watu wawili wazima tukihitaji msiba. Kwa bahati, kama inaitwa bahati, bibi huyohuyo alikumbuka kwamba ng'ambo ya kilima kulikuwa na familia iliyofiwa babu yao jana yake. Tukaenda. Tulipokewa vizuri, mahindi yakaandikwa kwenye daftari kwa jina la bibi, nami nikakaa kwenye moto na wazee.

Shemeji hakukaa. Msibani kijana mwenye baiskeli hapewi kiti, anapewa madumu. Wakatafuta ubao, wakaulaza juu ya gurudumu la nyuma, wakaukaza kwa kamba za mpira wa tyubu kuukuu, na baiskeli ya bei ya bodaboda mbili ikaanza kuchota maji. Walisema ina gia nzuri kwenye mlima. Jioni hakuna aliyemwuliza tena shemeji anakwenda wapi, ingawa ile kaptura walimfunika kwa shuka.

Mto Songwe, ule unaomwaga maji Ziwa Rukwa, hatukuufikia mpaka likizo yake ikaisha. Kila tulipotoka, keria ile ya ubao ilipata abiria au mzigo kabla ya kilomita ya tatu, na hakukubali kuifungua.

Kwa hiyo msomaji, ukipenda kuja Ruanda na baiskeli ya changarawe, karibu sana, njia ni nzuri na Septemba haina mvua. Kwenye boksi andika mkoa. Usipande tuta, na ukisikia honi kaa mbali, kwani treni ile haikwepi. Na kabla hujatoka nyumbani, funga chochote nyuma ya kiti, hata ndoo tupu.