Friji Iliyooshwa Mara Saba

Shemeji yangu, mume wa dada, hanunui risasi zilizojazwa tayari. Hapa Houston zinauzwa duka moja na ndoano za kuvulia samaki, lakini yeye anaona hizo ni za wavivu. Usiku watu wakishalala hujifungia gereji na maganda matupu aliyoyaosha. Anabandika fataki mpya, anamimina baruti, kisha anakandamiza kichwa kwa mashine ya mkono. Mizani yake inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni, na greni yenyewe ni kama miligramu 65 tu. Mtu huyuhuyu akipika pilau, chumvi anatia kwa kiganja.

Kujaza ni nusu ya kazi. Kichwa cha risasi ya bastola chenye tundu puani kinatakiwa kichanue kikigonga kitu laini. Kikienda polepole, tundu halifunguki, kinapita kama kilivyo. Kikienda kasi mno, ncha zake zinakatika, na kiini kinavua koti lake la shaba, kila mmoja akashika njia yake. Kiwandani wameshapima kasi inayofaa. Anayejijazia gereji itabidi ajipimie mwenyewe.

Kwa hiyo tulikunywa maziwa. Kipimo cha maskini ni madumu ya plastiki yaliyojaa maji, yamepangwa mstari mmoja mbele ya tuta la udongo, na madumu hayo hupatikana maziwa yakiisha. Mpwa wangu alikunywa mpaka tumbo likagoma. Risasi ikipiga, dumu la kwanza linapasuka lote na maji yanaruka juu. Yanaposhuka yanampata mbebaji wa madumu, na mbebaji ni mimi.

Vichwa vilitoka majini vimechanua kama uyoga, na shemeji akavipanga kwenye rafu ya televisheni, pembeni ya picha za harusi. Mimi siyaamini maji. Yanajisukuma ndani ya tundu kwa nguvu kiasi kwamba hata kichwa kizembe kinafunguka. Ni msahihishaji anayempa kila mtoto alama mia.

Shemeji naye alikuwa amesoma. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano ya risasi Miami, na lawama ikaangukia risasi moja iliyomwingia mhalifu ikasimama kabla ya kufika moyoni. Baada ya hapo FBI ikaweka kipimo chake: jelatini ya asilimia 10, ipoe hadi nyuzi 4 za Selsiasi, na risasi izame kati ya sentimita 30 na 46. Wapimaji wengine wakaongeza kitambaa cha jinzi tabaka nne, maana nyuzi huziba tundu na kichwa hakichanui. Hapo ndipo nilipojua suruali yangu imeenda wapi.

Nyuzi 4 ni friji. Friji ni ya dada. Na mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga.

Alifungua akaona bonge la jeli limejaa rafu nzima, akalibonyeza kwa kidole.

"Baba, hii jeli ya watoto mbona haina rangi?"

Shemeji, mtu mkweli kupita kiasi, akachukua kopo la unga wa jelatini ili amsomee mama vilivyomo. Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye ngozi ya nguruwe sauti ikamkauka, lakini mama alikuwa ameshasikia.

Watu wa pwani tunajua sheria: najisi ya namna ile huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Uani kwetu ni saruji tupu. Shemeji akakimbilia duka la bustani, akarudi na mfuko. Dada akausoma: umechanganywa na samadi ya ng'ombe.

"Mnaosha najisi kwa najisi?" mama akauliza.

Shemeji akataja tuta la shambani tunakopigia risasi. Dada akamuuliza kama anataka kututilia sumu ya risasi kwenye friji. Mwisho shemeji akaomba kwa jirani. Jirani alipouliza udongo ni wa nini, alijibiwa ukweli, "Wa kuoshea friji," akampa koleo na hakuuliza tena.

Jelatini ilifukuzwa saa ileile, haijapoa sawasawa, ikapigwa shambani huku imeanza kulegea. Kiini kilizama zaidi ya kipimo, kama inavyotarajiwa kwenye bonge lenye joto. Koti tulilikuta nyuma sana, peke yake, limeshika uzi wa suruali yangu.

Sasa shemeji amegundua jeli nyingine, inayoonekana kama kioo, ya kutengenezwa kwa mafuta ya madini.

"Ya mnyama gani?" mama akauliza kwa simu kutoka Tanga.

"Haina mnyama, mama. Na haihitaji friji. Ukishaipiga unaiyeyusha, unaimimina upya."

"Unaiyeyushia wapi?" akauliza dada.

Shemeji akaitazama oveni. Dada akaenda kuizima kwenye swichi ya ukutani, ingawa mkate ulikuwa bado haujaiva.