Seva Yetu na Herufi Isiyoonekana

Mwenyekiti wa chama chetu cha akiba na mikopo alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri kunieleza kwamba fedha za wanachama zimegeuzwa dola. Alikuwa amefungua tovuti kuangalia salio lake, akakuta ukurasa mzima wa maandishi yasiyosomeka, alama ya dola imetapakaa kila mahali. "Kijana wangu, nani ameidhinisha hili?" aliuliza. "Mbona hatujakaa kikao?"

Hakuna aliyegusa fedha. Skripti ya salio imeandikwa kwa Perl, lugha aliyoibuni Larry Wall mwaka 1987, na huko jina la kitu kinachobeba thamani hutanguliwa na alama hiyo: namba ya uanachama ina dola, tarehe ina dola, hata deni la Mwenyekiti lina dola. Kwa kawaida hayo hayaonwi na mtu, kwa kuwa seva huitekeleza skripti kimyakimya na kutoa jibu tu. Ila tulikuwa tumehamia seva ya bei poa, na Apache ya huko, programu inayogawa kurasa za tovuti, haikuambiwa kwamba faili hilo ni la kutekelezwa. Ikaligawa lilivyo, kama mpishi anayekuletea mezani karatasi ya mapishi badala ya pilau.

Nikaongeza mstari kwenye mipangilio. Dola zikatoweka, ikaja namba ya kosa, 403: folda hairuhusu skripti kuendeshwa. Nikaongeza mstari mwingine, ikaja 500.

Kufikia hapo wajumbe walishajaa ofisini, kila mmoja na dawa yake. Mmoja aliamini bando limeisha. Mwingine alishauri tuzime, tungoje kidogo, tuwashe. Alipoambiwa seva yenyewe iko Ujerumani, akasema basi Wajerumani wapigiwe simu wazime wao.

500 ni jibu la kiburi. Linakujulisha kwamba huko ndani kumeharibika, basi. Kusema kweli lina busara yake, maana mgeni wa nje hana haja ya kujua siri za nyumba. Maelezo kamili seva huyaandika kwenye logi, pamoja na tarehe na saa, na sijui faili jingine linaloandikwa kwa bidii hivyo na kusomwa kwa uvivu hivyo. Nikalifungua. Lilisema skripti haina ruhusa ya kutekelezwa.

Mhazini akataka aelezwe ruhusa hutolewaje. Nikamwambia kila faili lina tarakimu tatu: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu baki. Kusoma ni 4, kuandika 2, kutekeleza 1, unajumlisha.

"Kwa hiyo saba ndiyo kila kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Wape wote saba. Hiki ni chama cha ushirika."

Mjumbe aliyekalia kompyuta akaandika 777 kabla sijameza chai. Lakini seva ile ina mlinzi aitwaye suEXEC, na akikuta skripti ambayo yeyote anaweza kuiandika upya, haiendeshi hata kwa dawa. Tukapata 500 ileile, sasa kwa kosa la ukarimu.

Nikaweka 755, nikarudi kwenye logi. Safari hii ilidai kwamba faili halipo. Mwenyekiti, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akaligusa kwa kidole kwenye kioo: "Si hili hapa?" Lilikuwa hapo. Perl nayo ilikuwepo. Ni nadra mwenyekiti na fundi kuwa upande mmoja.

Nikaiagiza kompyuta inionyeshe na herufi zisizoonekana. Mwishoni mwa mstari wa kwanza, ule unaoielekeza seva iliko Perl, ilikuwa imekaa M yenye kofia.

"Nani alifungua faili hili?"

Alilifungua Mama Katibu, wakati wa kuhama, ili asahihishe jina la chama. Alitumia Notepad ya kompyuta kuukuu ya ofisi, akakuta mistari yote imeshikana kuwa utepe mmoja. Mama Katibu alisomea uhazili enzi za taipureta, hawezi kuona fujo akaipita. Akatembea na faili zima akibonyeza Enter kila palipostahili. "Nilikuta vurugu, mwanangu, nikapanga."

Na taipureta ndiyo chanzo cha yote. Juu yake, kumaliza mstari ni vitendo viwili: unarudisha gari la mashine mwanzoni, kisha karatasi inapanda. Kompyuta zikavirithi kama herufi mbili, na katika jedwali la ASCII la mwaka 1963 zina namba 13 na 10. Windows, kwa urithi wa DOS, huandika zote mbili. Linux, inayoendesha seva yetu, hutosheka na 10. Notepad ya zamani isipoiona 13 haikati mstari, na ndiyo maana Mama Katibu alikuta utepe. (Notepad ilijirekebisha mwaka 2018, lakini kompyuta ya ofisi haikupata habari.) Enter zake zikabandika 13, ile iliyoonyeshwa kama M yenye kofia, mwishoni mwa jina la Perl, Linux ikaihesabu kuwa sehemu ya jina. Faili lililokosekana halikuwa skripti yetu. Seva ilikuwa inamtafuta Perl mwenye kofia, na huyo kweli hayupo.

Amri moja iitwayo dos2unix ikazifuta zote kufumba na kufumbua. Salio likaonekana, wajumbe wakapiga makofi, Mhazini akatoa kitabu cha vocha ili nilipwe.

"Maelezo ya kazi?"

"Kuondoa herufi zisizoonekana."

Akaweka kalamu chini. "Umezipeleka wapi?"

Nikasema zimefutika.

"Mkaguzi wa hesabu hawezi kupitisha hii. Andika umebadilisha waya."

Nikamwambia hakuna waya uliobadilishwa. Akafikiri kidogo.

"Basi nenda kanunue mmoja, uubadilishe, uniletee na risiti."